Fadhila za Ndoa ya Haraka
Wanaowalaumu vijana wa Igowole, wilayani Mufindi, kwa kuoana kabla ya kujuana hawana insafu, kwani Seyyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyetoroka Unguja mwaka 1866, alibatizwa Aden tarehe 30 Mei 1867, akaolewa na Heinrich Ruete siku hiyohiyo, wakaabiri meli kwenda Ulaya, naye baadaye akaandika kumbukumbu za maisha yake bila kumtaja mwana aliyeitangulia ndoa. Mbele ya staha ya namna hiyo, ilani ya siku 21 inayodaiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971 ni udhia mtupu: katika muda huo chai ya Mufindi huweza kuchumwa mara mbili! Na wazee wanaodadisi madeni, wake wa zamani na watoto waliofichwa kwa bibi kule Mbeya, wana haraka gani? Yote hayo yatabainishwa, kwa tafsili na mashahidi, mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa.