Jinsi ya Kumiliki Alfa Romeo Kasongo Bila Kufika Popote

Tuelewane mapema, ndugu yangu. Kama unatafuta gari la kukufikisha, haya hayakuhusu. Nenda kanunue Land Cruiser kuukuu kama wanavyofanya mapadri, mashirika na wanunuzi wa dhahabu, ufike Salamabila ukiwa na matope masikioni, na pasiwe na mtu hata mmoja wa kukugeuzia shingo. Mimi nasema na wewe uliyeiona Alfa Romeo kwenye simu ya shemeji yako, ukalala nayo, ukaamka nayo. Wenye busara wameshakuuliza kama itavumilia. Waache. Hilo ni swali la mtu mwenye safari. Wewe una hadhi.

1. Chagua kwa macho, lipa ukiwa umefumba macho

Usifungue boneti. Ukifungua utaona, na ukiona utaogopa. Tazama umbo tu. Mimi nakushauri uchukue 156. Ilitoka 1997, mchoro ni wa Walter de Silva, na ilinyakua tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1998. Kariri mambo hayo matatu. Yatakusaidia siku utakayosukumwa.

Sasa sikiliza uzuri wake. Vishikio vya milango ya nyuma vimefichwa pembeni mwa dirisha, hata gari la milango minne linaonekana la milango miwili. Huko Ulaya hiyo ni sanaa. Kwetu ni zawadi. Kila mgeni wako atapapasa ubavu akitafuta pa kushika, nawe utashuka polepole, uzunguke, umfungulie kwa vidole viwili. Utaonekana muungwana, na mtaa utakuwa umepata muda wa kutosha kutazama.

Halafu ile ngao ya mbele imeshuka hadi chini, kwa hiyo plaki ya namba imesogezwa upande mmoja. Polisi wa barabarani atakusimamisha akuulize kwa nini plaki imekaa upande. Usikasirike. Mjibu kwa upole: "Shefu, kiwanda ndicho kilichotaka hivyo." Hataamini. Atamwita mkubwa wake, mkubwa naye atakuja kujionea, na hapo tayari una watazamaji wawili wenye sare. Pesa ya soda itakayokutoka, ihesabu kuwa gharama ya tangazo.

2. Jifunze magonjwa yake, uyataje kama vyeo

Mtu mwenye gari bovu huona haya. Mtu mwenye gari lenye ugonjwa wa kitaalamu huheshimiwa. Injini za petroli za silinda nne za 156 za mwanzo huitwa Twin Spark, kwa sababu kila silinda ina plagi mbili. Jumla nane. Fundi wako aliyezoea Toyota ya plagi nne atazihesabu, atanyamaza, atazihesabu tena, kisha bei yake itapanda.

Mkanda wa taimingi ndio wenye makali. Mwanzoni kiwanda kilisema ubadilishwe kila kilomita 120,000. Mikanda ikakatika mapema, na kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni, na baada ya mkutano huo hakuna cha kuzungumza tena. Muda ukapunguzwa karibu nusu. Wewe usibabaike. Kwa mwendo wako, nyumbani hadi sokoni, kilomita hizo watazimaliza wajukuu. Ni kweli mkanda huzeeka hata gari likiwa limesimama, lakini si lazima mtu asome kila kitu.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, utasikia inagonga kama lori la mazutu. Hicho ni kifaa cha kuongozea muda wa valvu, kimechoka. Jirani akiuliza, mwambie ndivyo Waitalia wanavyopenda injini iseme. Pia injini hiyo hunywa oili. Weka chupa ndani ya buti, uifunike kwa kitambaa safi.

3. Ilete kwa njia ndefu

Usitafute njia ya mkato, haipo. Gari litashuka Dar es Salaam, litapanda reli hadi Kigoma, litavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie. Kutoka hapo kuna reli ya kwenda Kabalo, iliyofika huko 1915 na ambayo haina haraka, kisha kaskazini hadi stesheni ya Samba, kisha barabara, kama neno hilo linatosha. Ukipenda kuteseka kwa namna nyingine, ipitishe Bukavu, ufuate Barabara ya Taifa namba 2 kwa Mwenga na Kamituga. Malori yamechimba mitaro humo ambamo Alfa inaweza kuzama nzima, ikabaki paa tu la kuonyesha rangi ilikuwa ipi.

Atakayekuambia ni upumbavu kuleta kitu cha anasa mbali hivyo, mkumbushe yuko mji gani. Hapa ni Kasongo. Yule Tippu Tip wetu, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na watu wake walijaza nyumba za hapa mali ya pwani wakati ambapo kila kitu kilisafiri miezi mingi kichwani mwa watu, wengi wao bila hiari. Aprili 1893 jeshi la afisa Mbelgiji Dhanis lilipouteka mji, daktari Mwingereza aliyekuwa nalo, Sidney Hinde, aliandika kwamba hata askari wa kawaida walijikuta wakilala juu ya magodoro ya hariri na satini, kwenye vitanda vya kuchongwa, chini ya vyandarua vya hariri. Fikiria hariri, kwenye mbu wa Lualaba! Pale Tongoni wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vigae vya mji ule. Kwa hiyo wewe hujaanza kitu. Unaendeleza desturi ya Kasongo ya kugharamia kitu kizuri kuliko njia inayokileta, na tofauti yako na wale wa zamani ni kwamba wabebaji wa mzigo wako wanalipwa. Walipe vizuri.

4. Usimwombe ushauri Mwitalia

Hili ni fupi. Wamisionari Wasaveri wa Parma walifika Uvira 1958, na tangu hapo wamezijua barabara za mashariki ya Kongo kwa mgongo. Ukikutana na padri wao, msalimie, mwombe baraka, pita. Mtu anayeijua Italia na pia anaijua njia ya Kabambare ni hatari kwa ndoto yako.

5. Egesha. Hii ndiyo kazi yenyewe

Wengi wanaharibu hapa. Wanafikiri gari zuri ni la kuendeshwa. La! Gari likitembea watu huliona kwa nukta chache, tena kwenye vumbi. Likisimama wanaliona siku nzima.

Ijumaa, liwe limefika karibu na msikiti kabla ya adhana. Nasema kabla, kwa sababu ukichelewa wenzako watakuwa wameinamisha vichwa, na juhudi yote imepotea. Jumapili lihamishe upande wa katedrali. Tuna jimbo lenye askofu hapa tangu 1959, na waumini wanaotoka misa ya pili hawana haraka. Hadhi haina dini. Siku ya Idi usiliguse kabisa. Lioshe usiku, liache mlangoni, keti barazani na kanzu nyeupe, wageni wakiuliza kama ni la kwako sema, "Tunashukuru Mungu," basi.

Geuza magurudumu ya mbele kidogo ili rimu zionekane. Na hapa kuna siri niliyotaka unilipe: egesha kwenye mteremko kila mara, pua ikitazama chini. Batri ikikataa, achia breki, acha literemke, tia gia ya pili, achia klachi. Watu watadhani umeondoka kimyakimya kwa sababu ya ustaarabu. Ukikosa mteremko, usizime injini. Ukikosa petroli ya kutozima injini, rudi kwenye sentensi ya kwanza ya hatua hii.

Mvua inaponyesha na kizuizi cha mvua kikashushwa barabarani, furahi. Ni saa pekee ambapo Land Cruiser na Alfa zinasimama sawa, na kati ya hizo mbili, moja inastahili kutazamwa.

6. Weka pikipiki nyuma ya nyumba

Tuseme polepole hapa. Unahitaji pikipiki. Ile ile ya Kihindi au ya Kichina inayobeba mchele, mbuzi na mwalimu kwa safari moja. Hiyo ndiyo itakupeleka Kindu, zaidi ya kilomita 200, na kukurudisha. Itoke alfajiri kwa mlango wa uani, irudi usiku. Ukikutana na mtu unayemfahamu kwenye kivuko cha Lualaba, naye akatazama pikipiki yako kisha akakutazama wewe, usijieleze sana. "Gari nimeliacha lipumzike." Kila mtu anajua kitu cha thamani hupumzishwa.

Mkeo atakuwa wa kwanza kupiga hesabu kwamba pikipiki imelipa ada za watoto wakati Alfa imelipiwa. Mpe siti ya mbele siku ya harusi ya ndugu yake wa Lusangi. Hesabu itaahirishwa.

7. Namna ya kukwama

Utakwama. Mtu aliyejiandaa hukwama kwa heshima.

Usishuke. Kaa kwenye usukani, shusha kioo, waite vijana wanaosukuma kwa majina yao, uliza hali ya mama zao. Viatu visiguse tope hata kidogo. Nchi hii ilimsikiliza Papa Wemba, mwimbaji wa wapenda mavazi. Tunajua vizuri kwamba mtu anaweza kuvaa kiatu cha bei ya nyumba na kupita nacho mtaa usio na mtaro wa maji, na akashangiliwa. Hakuna Mkongomani wa kweli atakayekucheka kwa kuchagua uzuri. Watakucheka ukishuka.

Kisha toa sababu, kwa mpangilio huu. Kwanza, petroli: iliuzwa kwenye chupa kando ya njia, muuzaji ameichanganya. Ni sababu nzuri kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Pili, fundi wa awali. Fundi wa awali ana makosa siku zote, na yule wa sasa atakuunga mkono kwa moyo wote. Tatu, ukibanwa sana, sema piesi imeagizwa Torino na sasa imefika Kalemie. Usiseme iko Kasongo, wataomba kuiona. Usiseme iko Italia, watakuhurumia. Kalemie ni pazuri: ni mbali kiasi cha kusubiri, ni karibu kiasi cha kutumaini, na kila mtu mjini ana kitu chake kilichokwama huko, kwa hiyo hakuna atakayebisha.

8. Kwa wasio na pesa

Hujaachwa nyuma. Nunua bajaji. Usikunje uso. Piaggio, wale wale wa Vespa ya 1946, walitoa gari la magurudumu matatu liitwalo Ape mwaka 1948, kwa ajili ya Italia iliyotoka vitani bila pesa. Bajaj wa India walianza kuunda zao kwa leseni ya hao hao Piaggio. Kwa hiyo mwenye bajaji anaendesha ukoo wa Italia, na tofauti na mwenye Alfa, anapata chakula cha jioni kutokana nao. Mwambie abiria jambo hilo kabla hajalipa. Ukimwambia baada ya kulipa halina faida.

Au tafuta Lada. Mwaka 1966 Warusi walikubaliana na Fiat kuunda Fiat 124 kwao, gari ambalo lilishinda tuzo ile ile ya Ulaya kwa 1967. Walipolijaribu kwenye barabara zao likavunjika. Hawakulia. Waliongeza unene wa bati, wakaliinua kutoka chini, wakatoa breki za diski za nyuma wakaweka za ngoma, wakaacha na tundu la kuwashia kwa mkono wa chuma. Kufikia 1970 lilikuwa likitoka kiwandani Togliatti. Likafika kila mahali kwa jina la Lada.

Ukitafakari, hilo ndilo jibu kwa wale wenye busara: gari la Kiitalia linaweza kuvumilia njia mbovu, mradi uondoe kila kilichokufanya ulipende. Na mimi nakuuliza, uliwahi kuona bwana harusi akipiga picha mbele ya Lada?

9. Fanya hesabu, mara moja tu

Pesa yako ikitosha kitu kimoja, nunua pikipiki na unyamaze. Ikitosha pikipiki na gari, nunua Alfa, wala usimwombe mtu msamaha. Ikitosha Alfa mbili, ya pili ikiwa ya kuchinjwa kwa ajili ya piesi, basi anza na hiyo ya kuchinjwa, maana ndiyo utakayoihitaji kwanza.