Jinsi ya Kubishana Kuhusu Mungu na Bado Ukakaribishwa Kesho

Kila baraza lina mtu wake. Kahawa haijapoa, keshatupa swali: "Haya, nani atanithibitishia kwamba Mungu yupo?" Wala hakosekani wa kumrukia: "Na kama yupo, mbona vichanga wanakufa?" Hapo kashata husahauliwa, sauti hupanda, na ifikapo isha kuna wawili hawaagani.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekalia benchi hilo, muumini na asiye muumini. Hauahidi ushindi, maana ubishi huu umewatoa jasho wanazuoni wa dini zote kwa karne nyingi. Unaahidi kwamba utabishana kwa haki, na kwamba kesho watakusogezea kikombe.

Hatua ya 1: Uliza kwanza ni hoja ipi

Watu husema "hoja ya kuwapo kwa Mungu" kana kwamba ni moja. Zipo nyingi, na tatu ndizo zitakazokujia mara kwa mara.

Ya kwanza inatokana na fikra peke yake. Anselm, mtawa aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliiandika kati ya mwaka 1077 na 1078. Kwa ufupi: Mungu ni yule ambaye huwezi kumfikiria aliye mkuu zaidi, aliyepo kweli ni mkuu kuliko aliyepo mawazoni tu, basi hana budi kuwapo. Mtawa mwenzake, Gaunilo, akamjibu kwamba kwa njia hiyohiyo mtu angethibitisha kuwapo kwa kisiwa bora kuliko visiwa vyote. Mwaka 1781 mwanafalsafa Immanuel Kant akaongeza kwamba kuwapo si sifa ya kuongezwa juu ya kitu: sarafu mia za mawazoni hazipungui hata moja zikilinganishwa na mia za mfukoni, ila za mawazoni hazikulipii deni.

Ya pili inaanzia kwenye chanzo. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema kila kilichoanza kuwapo kina kilichokianzisha, ulimwengu ulianza, basi una aliyeuanzisha. Ibn Sina, aliyemtangulia, alipita njia nyingine. Kila tunachokiona kingeweza kutokuwapo. Basi lazima awepo ambaye kuwapo kwake hakutegemei kingine, naye akamwita wajibul-wujud. Zitenganishe mapema hoja hizi mbili. Ukithibitisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, utakuwa umemtikisa Ghazali, lakini Ibn Sina hujamgusa.

Ya tatu ni ya mpangilio. William Paley aliieneza mwaka 1802 kwa mfano wa saa iliyookotwa njiani: saa ina fundi, basi na viumbe vina Fundi. David Hume alikuwa amekwishaihoji hoja ya namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mwaka 1859 Charles Darwin akaeleza jinsi viumbe vinavyoweza kupata mpangilio kwa uteuzi wa maumbile. Wanaoitetea leo mara nyingi huanzia kwenye kanuni na vipimo vya ulimwengu wenyewe.

Hatua ya 2: Usiitwike hoja mzigo usio wake

Muumini, sikiliza. Hata wote wakiikubali hoja ya Ghazali, umefika kwenye Mwanzilishi tu. Hujathibitisha swala tano wala misa ya Jumapili. Safari iliyobaki ni ndefu, na ina hoja zake.

Nawe usiyeamini, sikiliza. Kuivunja hoja ya Anselm hakuthibitishi kwamba Mungu hayupo. Gaunilo aliipinga na akabaki mtawa.

Hatua ya 3: Taja hoja ya mwenzako ikiwa na nguvu zake zote

Mwanazuoni wa Kikristo Thomas Aquinas, kabla ya kuziandika njia zake tano za kumthibitisha Mungu katika karne ya 13, alitanguliza pingamizi mbili. Ya kwanza ni uovu: kungekuwa na Mungu mwema asiye na mpaka, uovu ungepata wapi nafasi? Hakuificha chini ya mkeka. Nawe fanya kama yeye.

Wanafunzi wa tauhidi nao wanakijua kisa kinachosimuliwa juu ya Abul-Hasan al-Ash'ari na mwalimu wake al-Jubbai, mmoja wa wakubwa wa Mu'tazila, waliofundisha kwamba Mungu hamtendei mja ila lililo bora kwake. Mwanafunzi akauliza habari za ndugu watatu: mmoja amekufa mcha Mungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto mdogo. Mtoto akidai kwamba angeachwa angetenda mema, ajibiwe nini? Ajibiwe kwamba Mungu alijua angeasi, akamchukua mapema kwa faida yake. Basi kafiri atapaza sauti: "Mbona mimi hukunichukua nikiwa mdogo?" Mwalimu, yasemwa, hakuwa na jibu. Aliyeuliza hakuacha dini; alikuja kuwa imamu wa Waash'ari. Swali gumu si kufuru.

Katika zama zetu, mwanafalsafa J. L. Mackie alidai mwaka 1955 kwamba Mungu muweza wa yote, wema wake kamili na uovu haviwezi kukubalika pamoja bila kujipinga. Alvin Plantinga akajibu, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1974: huenda hata Muweza wa yote hawezi kuumba viumbe huru na papo hapo akawalazimisha wasikosee kamwe. Wanafalsafa wengi waliona dai la Mackie limepungua makali. Kisha mwaka 1979 William Rowe akaleta lililo gumu zaidi: mtoto wa paa ameungua katika moto wa msituni, anateseka siku kadhaa, anakufa, na hakuna binadamu aliyemwona. Je, mateso yale yalimfaa nani? Uhuru wa binadamu haumo humo. Asiyeweza kueleza uzito wa mfano huo hajaanza kuujibu.

Hatua ya 4: Tafuta mkono wa mtu kabla ya kumtaja Mungu

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, tetemeko liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Moto ukafuata, na mawimbi ya bahari. Maelfu kwa maelfu walikufa. Mwandishi Voltaire akaishambulia imani kwamba huu ndio ulimwengu bora kuliko wote unaowezekana, imani ambayo mwanafalsafa Leibniz aliitetea mwaka 1710. Padre Gabriel Malagrida akahubiri kwamba ni adhabu ya dhambi. Rousseau akamwandikia Voltaire mwaka 1756 jambo ambalo wachache walilifikiria: maumbile hayakujenga pale nyumba za ghorofa sita na saba zilizosongamana. Waziri Carvalho, aliyekuja kuitwa Pombal, akatuma maswali maparokiani: mtikisiko ulidumu kwa muda gani, bahari ilifanya nini? Mji ulipojengwa upya, majengo yakatiwa fremu za mbao ndani ya kuta ili yahimili mtikisiko.

Hili linatuhusu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Msiba kama huo ukiitwa mapenzi ya Mungu na maneno yakaishia hapo, aliyejaza meli anapata pa kujificha. Kuamini kadari hakumzuii mtu kuhesabu abiria.

Hatua ya 5: Mtazame anayeuliza

Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. "Kwa nini Mungu ameruhusu?" likiulizwa barazani ni swali la akili. Likiulizwa na mama aliyetoka kuzika, ni kilio. Usimpe Plantinga. Usimwambie kwamba Mungu amempenda zaidi marehemu. Nani alikupa habari hiyo? Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri. Walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake, waliharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalamika.

Naamini kwa dhati kwamba hoja hizi ni urithi wa wote, na kwamba kijana anayeziuliza hastahili kufokewa msikitini, kanisani wala nyumbani. Hazijamlazimisha kila mwenye akili kuamini, wala hazijamlazimisha kila mwenye akili kukana. Kwa hiyo asiyekubaliana nawe si mjinga. Kabishane, ndugu yangu, tena kwa bidii. Ila ukisikia kuna msiba mtaani, ahirisha hoja, toa mchango wako wa rambirambi, na uwahi kwenda kusaidia kuchimba kaburi.