Fildi ya Mwaka Mzima

Daftari la fildi, yale mafunzo ya kazini ya wanachuo, lina safu tatu: tarehe, kazi iliyofanyika, ujuzi uliopatikana. Aliyelichora pengine hakuwahi kutumwa mtaa wa Kiponda, Unguja, kudai deni. Angetumwa, angeongeza safu ya nne, ya mambo yasiyoandikika.

Vyuo vyetu vingi huwapeleka wanafunzi fildi kwa wiki kadhaa tu, muda unaotosha kujua choo kilipo na nani hapendwi ofisini. Mwaka mzima ni habari nyingine. Wazo lenyewe si geni duniani: mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza kuwapokezanisha wanafunzi wake darasani na kiwandani, kwani aliona kuna mambo hayafundishiki ubaoni. Unguja nayo imewahi kupokea vijana waliokuja kwa kazi za biashara, yakawakuta mengine. Heinrich Ruete alitoka Hamburg kuja kutumikia nyumba ya biashara ya Kijerumani. Mwaka 1866 jirani yake, Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, akaondoka Unguja kwa siri kwa ajili yake, na mwaka uliofuata wakaoana Aden. Sijui hilo lingeingia safu ipi.

Binti wa habari hii hakuwa na makuu hayo. Ni mwanafunzi wa utawala wa biashara, mzaliwa wa Makunduchi, aliyepangiwa mwaka mmoja kuanzia Julai 2024 katika kampuni ndogo ya kutembeza wageni na kuuza viungo, hapo Mkunazini. Kampuni ina watu wanne na paka watatu ambao hakuna aliyewaajiri. Majina tuyaache. Mji Mkongwe ni mdogo, na vibaraza vina masikio.

Siku ya kwanza alikuja na viatu vipya vya kisigino na shati jeupe, akapanda daladala namba 310 alfajiri. Jirani yake kitini alikuwa bibi mwenye kapu la pweza anayepelekwa sokoni. Barabara ilipoingia mashimo, kapu likainama. Alifika kazini akinuka bandari, na bosi, mzee mmoja mpole wa makamo ya babu yake, alimtazama, akavuta pumzi, akasema, "Marahaba, mwanangu. Leo kazi yako itakuwa ya nje."

Kazi ya nje ilikuwa kupeleka bili kwenye nyumba ya wageni Kiponda. Ramani ya simu ilimfikisha kwenye ukuta, ikamwambia asonge mbele. Akauliza watu barazani. "Nenda hivyo hivyo, ukiona mlango mkubwa wa nakshi, pinda kushoto." Maelezo mazuri sana kwa mji mwingine wowote. Hapa milango mikubwa ya nakshi iko kila hatua, naye alipinda kushoto mara nyingi mno, mpaka akatokea Jaws Corner, kwenye wazee wa kahawa na ile simu iliyotundikwa hapo na tangazo kwamba kupiga nchi za nje ni bure. Simu hiyo haijaunganishwa na kitu chochote. Siku ile, anasema, alifikiria kuijaribu.

"Unamtafuta nani, mwanangu?" mzee mmoja akauliza. Alipotaja jina, baraza zima likacheka. "Huyo kenda Pemba. Na hata ukimkuta, hana. Anadaiwa na muuza samaki, anadaiwa na fundi bomba, bosi wako ni wa tatu kwenye foleni." Wakamtilia kahawa. Kwa bei ya kikombe kimoja akawa amepata taarifa kamili ya mdaiwa, na mpangilio wa wadai wake juu. Jioni akaandika daftarini: *Kufuatilia madeni ya wateja. Ujuzi: tathmini ya hatari ya mikopo.* Hakuna uongo hapo hata herufi moja.

Kodi ilimchukua muda kidogo zaidi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hukusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za hapa ni ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Darasani yote mawili yalikuwa kwenye slaidi moja. Mjini ni ofisi mbili, na binti alisimama foleni ya moja akiwa amekumbatia faili la nyingine. Afisa alikuwa na adabu za kutosha asicheke mpaka alipogeuza uso.

Kisha ukaja mpango wa biashara. Bosi alimwambia aandike wazo la kukuza mapato, naye akakesha kwao Makunduchi akaja na kurasa nyingi zenye chati za rangi: kampuni inunue karafuu kwa wakulima wa Pemba moja kwa moja, kwa magunia, isafirishe Mombasa, imkwepe dalali. Faida ilikuwa ya kupendeza. Mzee alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu, hii kazi nzuri. Ila inaitwa magendo."

Karafuu za Zanzibar hununuliwa kwa mkulima na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, peke yake, na kuzivusha kwa njia nyingine ni kosa la kisheria ambalo watu wamefungwa kwalo kweli kweli. Binti alikuwa amechora, kwa chati za rangi, ushahidi wa kutosha dhidi ya ofisi nzima. Karatasi zile zilikatwa vipande, zikafungiwa mdalasini.

Mkasa mkubwa ulikuwa wa bahari. Oktoba alikabidhiwa ratiba za safari za visiwani, akazipanga kwenye kompyuta kwa ustadi: saa tatu kuondoka Forodhani, saa nne Changuu kuwaona kobe, saa nane chakula cha mchana juu ya fungu la mchanga la Nakupenda. Jedwali lilikuwa safi. Alichosahau kukiweka kwenye jedwali ni mwezi.

Mtoto wa Makunduchi kusahau bamvua ni jambo ambalo mama yake hajalimaliza kulisema mpaka leo. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita nne hivi. Kwa upande wa mjini hupwa saa nne au tano asubuhi, halafu alasiri hujaa, na fungu la Nakupenda, ambalo asubuhi ni pana kama uwanja wa mpira, hutoweka lote. Kati ya siku hizo huja maji mafu, na hapo hesabu hubadilika kabisa. Yote haya yamo kwenye kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ukutani nyuma ya kiti chake, kwa mtu anayejua kuzihesabu tarehe.

Siku ya mkasa ilikuwa ya bamvua, na wageni wenyewe waliongeza balaa kwa kuchelewa Changuu. Ukoo wa kobe wale ulianzia kwa wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na wageni waliazimia kumsubiri kobe mmoja amalize kutembea. Walipoketi kula ilishakaribia saa tisa. Nahodha alitazama maji, akatazama kamba, akamwita binti pembeni.

"Dada, tupakie vyombo."

"Bado hawajala matunda, Ami."

"Na bahari nayo haijala."

Walimalizia embe maji yakiwa magotini, meza ikishikwa na vijana wawili wa chombo, sahani moja ya kamba wa kuchoma ikielea taratibu kuelekea Bagamoyo. Binti alishaanza kutunga barua ya kuomba radhi kichwani. Lakini mzee mmoja wa Kiitaliano aliinua glasi, akatangaza kwamba hajawahi kula mahali pazuri namna hiyo, akataka apigwe picha. Baada ya siku chache zikaingia barua pepe za watu wanaoulizia "chakula cha ndani ya maji". Mzee wa ofisi alizisoma kwa utulivu mkubwa. "Ongeza dola tano," akasema. Daftarini: *Ubunifu wa bidhaa mpya.*

Mwezi huo huo ndipo ilipoanza bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar. Wageni zaidi ya 730,000 walifika mwaka 2024, naye anaapa nusu yao walimwandikia yeye kuuliza kwa nini bima yao ya Ulaya haitoshi.

Machi ikaja Ramadhani, na nyuma yake masika. Wageni wakaisha na ofisi ikawa ya kupiga miayo. Msimamizi kutoka chuoni alichagua wakati huo huo kuja kukagua, na umeme ukachagua saa hiyo hiyo kukatika. Alimkuta binti amekaa chini katikati ya makasha, akijumlisha pilipili manga kwa penseli mgongoni mwa boksi, paka mmoja kalala juu ya kompyuta.

Fomu ya ukaguzi iliuliza: je, mwanafunzi anatumia mifumo ya kisasa ya taarifa? Mzee ndiye aliyemjibia. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena, kwa hitilafu ya umeme wa chini ya bahari kutoka bara. Waya mpya ulikuja 2013, lakini imani haikurudi nao. "Kompyuta inategemea umeme," mzee akamwambia msimamizi. "Daftari linanitegemea mimi." Msimamizi akafikiri kidogo, akatia tiki.

Juni fomu ya mwisho ilijazwa na kupelekwa chuoni. Alama zilikuwa nzuri, ila kwenye mstari wa maoni mengine mzee aliandika maneno mawili tu: *Anajua bamvua.* Msimamizi alipiga simu kuuliza hilo ni somo gani, maana haliko kwenye mtaala. Binti akamweleza mwezi, maji, fungu na saa za kutoka Forodhani. Upande wa pili ukanyamaza kidogo, halafu sauti ikarudi imelegea: je, Jumamosi ijayo maji yatakuwaje, kwani mkewe na watoto hawajawahi kufika Nakupenda, na kama wao ni watu wa chuo, hakuna punguzo?

"Mwalimu," binti akasema, "bei ya masika imekwisha. Chakula cha kawaida au cha ndani ya maji?"