Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika juu ya Adabu za Kuoga

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika,
Bujumbura.

Waheshimiwa,

Sisi waogaji wa Uvira, tukaao kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, kati ya milima ya Mitumba na maji, twaomba ruhusa ya kuwaeleza shida ambayo haijafika mezani kwenu, na haikufika, twadhani, kwa sababu kila aliyejaribu kuisema alipigiwa muziki juu ya kauli yake hata akanyamaza. Shida yenyewe ni kelele za ufukoni.

Miji iliyojaliwa neema ya fedha ina pisini zilizosakafiwa kwa vigae vya samawati, zenye kina cha kumfika mtoto kifuani upande mmoja na kina cha kumfunika baba yake upande wa pili, na ukutani pamebandikwa bango lenye kuharamisha kukimbia, kutema mate, kuwarukia wenzio na kupiga kelele. Sisi Mwenyezi Mungu ametujalia pisini moja tu, ila ametupimia kwa kipimo chake mwenyewe: urefu wake wapata kilomita 673, kina chake mahali palipozama kupita pengine ni mita 1,470, na wenyewe ni wanne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, kila mmoja na upande wake wa kuingilia. Haina tiketi, haina mlinzi mwenye filimbi, haina saa ya kufunga. Na kwa kuwa watu wote wana haki nayo sawasawa, kila mtu hudhani kwamba haki ya mwenziwe inaanzia pale yake inapokoma, nayo yake haikomi.

Hatusemi kwamba ziwa halina sheria. Twaujua Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, nao ndio uliowazaa ninyi. Na katika mkataba huo uvuvi umepewa ibara yake, uchafuzi wa maji ibara yake, udongo uporomokao kutoka milimani ibara yake, viumbe vya majini ibara yao, na safari za vyombo ibara yake. Samaki wa jamii isiyopatikana penginepo duniani, ambaye urefu wake haupiti kidole cha shahada, analindwa na dola nne. Lakini bibi mwenye wajukuu, aliyeshuka majini alasiri ya Jumapili kuiburudisha miguu yake yenye yabisi, halindwi na mtu yeyote, na wala hatalindwa, ila ajaliwe kugeuka samaki.

Jumapili hiyo, Waheshimiwa, twawaomba muitazame kwa masikio. Jua likisha kupinduka, kila kibanda cha vinywaji kilicho mwambaoni hutoa nje spika zake, ambazo huku kwetu twaziita bafle, zenye kimo cha mtu mzima, na kuzielekeza ziwani, kana kwamba wateja watatokea Kigoma. Kibanda cha kwanza hupiga rumba. Cha pili, kwa kuchelea kuonekana fukara, hupiga seben kwa nguvu zaidi. Cha tatu huleta nyimbo za Dar es Salaam ili kuwapatanisha wale wawili, wasipatane. Na hatua chache mbele yao kanisa limewaleta waumini wapya kubatizwa, na mchungaji, akiona shetani ana vipaza sauti sita, hukodi saba. Umeme ukikatika hatupati nafuu, maana ndipo majenereta yanapowashwa, na mwenye kibanda huongeza sauti ya muziki ili uishinde sauti ya mashine inayouendesha. Katikati ya hayo vijana hupanda juu ya mtumbwi wakajirusha majini karibu kabisa na kina mama, wakipiga ukelele kabla ya kuruka, wakati wa kuruka na baada ya kuruka. Mwenye simu huzungumza na nduguye aliyeko Bukavu kana kwamba simu haijabuniwa. Na dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeiingiza majini ili kuiosha, huivumisha injini apate kujua kwamba imetakata. Mwogaji atakaye kumwambia mwenziwe kwamba mbele yake pana jiwe hana budi kumwandikia.

Tusije tukazidhulumu zama zetu kwa kudai kwamba kelele ni uzushi wa leo. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji wakiutafuta mto Ruzizi, na Burton baadaye akaandika kwa uchungu juu ya wapiga makasia wake na mayowe yao, pembe zao na ngoma zao. Hata hivyo, katika wageni wote tulioletewa na historia, hao wawili ndio waliokuwa tayari kuliko wengine kwa kuoga ufukoni kwetu: Speke alikuwa ameingiwa na mdudu sikioni wiki chache kabla, akamchokonoa kwa kisu hata sikio likaziba kwa muda mrefu, na Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kunena kwake kukawa kwa taabu kubwa. Mmoja hasikii na wa pili hasemi. Walichopata wao kwa maradhi ya safari, sisi tunakipata bila gharama kila Jumapili, kwani masikio yametwaliwa na bafle, na ulimi umestaafu kwa kukosa kazi.

Wala hatudai kwamba watu wetu wamepungukiwa na malezi. Sababu moja iko kwa ziwa lenyewe, ambalo katika miaka hii tangu 2020 limepanda likaja mjini kututazama, kwa kuwa mvua zilizidi, na mlango wake wa pekee wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie, hautoi maji kwa kadiri yanavyoingia. Pande za Kavimvira na Mulongwe maji yaliingia majumbani, na ufuko uliokuwa mpana ukabaki ukanda mwembamba, ambao juu yake wamesongamana wavuvi, wafuaji, wachuuzi, waogaji, wabatizaji na wanywaji, kila kundi na haja yake na kila haja na sauti yake. Ufuko umepungua, bafle hazikupungua. Na kwa kuwa hewa ya juu ya maji ikipoa usiku huichukua sauti mbali kuliko nchi kavu, mvuvi wa ndakala, ndio dagaa, aliye kilindini na taa zake huzijua nyimbo za kila kibanda bila kuzinunua. Na zikija siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti samaki na yeye angelala kwake, hukuta usingizi wake umekwisha kukodishwa.

Kelele, Waheshimiwa, ni ile sehemu ya utovu wa adabu inayosikika. Iko nyingine isiyosikika. Katika maji yale yale mwenye pikipiki huacha mafuta, mfuaji huacha povu, mtoto huacha alichokiacha, na hatua tatu kando binti huinamisha bidoni lake la njano akachota ya kunywa, kwa kuwa bomba la mtaani kwao limekauka. Uvira ni mji unaojulikana na matabibu wa mbali kwa ajili ya kipindupindu, maradhi ambayo huku hayangoji msiba wala vita ndipo yazuke. Na katika waogaji wote wa ufuko wetu, kipindupindu peke yake ndicho kiingiacho na kutoka bila kupiga kelele. Pisini ya mjini ikichafuka huzibuliwa kizibo, maji yakatoka, yakatiwa mengine. Yetu haina kizibo: wataalamu hutuambia kwamba maji ya Tanganyika, ambayo mengi yake huondoka kwa kupaa hewani na machache kwa njia ya Lukuga, huchukua mamia ya miaka kubadilika, hivyo tunachomwachia jirani leo tumewaachia na vitukuu vyake. Mtu asiyeweza kumsikia jirani huyo kwa sababu ya bafle yake, tutamtarajiaje amkumbuke kwa habari ya mafuta yake? Adabu ya majini ni moja, iwe ya kelele au ya taka, nayo ni kujua kwamba hukuingia humo peke yako.

Twastaajabu pia kwa habari ya mipaka. Mtu akitaka kwenda Gatumba, upande wa Burundi, kumjulia hali shangazi yake, pale Kavimvira huulizwa karatasi, huandikwa daftarini, hugongewa muhuri, na mfuko wake hufunguliwa ukapekuliwa hata unga. Lakini wimbo wa kibanda kilicho karibu na forodha huvuka mpaka usiku kucha, kwenda na kurudi, bila pasipoti, bila ushuru na bila kuulizwa unakwenda kwa nani. Ikiwa hazina za dola zetu zina upungufu, hapa pana mgodi ambao hauhitaji hata jembe.

Na msituambie kwamba jambo hili ni muhali, kwa maana tumekwisha kuona kwamba mkitaka mnaweza. Nchi za ziwa zimepatana kuufunga uvuvi kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, na mwaka 2024 mapatano hayo yaliwaketisha wavuvi wengi nchi kavu, wavu begani na njaa nyumbani, kwa hoja ambayo hatuwezi kuikana insafu yake, kwamba samaki wapewe faragha wapate kuzaana. Sisi hatuombi miezi mitatu, wala haja yetu si ile ya samaki. Twaomba saa moja ya Jumapili, kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri, ambamo mzee aweza kuingia majini akasikia maji.

Kwa habari ya msimamizi wa saa hiyo, twampendekeza kiboko, ambaye ni mkazi wa siku nyingi na hana kabila lolote litakalolalamikiwa. Ingawa hasira yake twaiogopa na wapo waliokwisha kufa kwayo, mwenendo wake wa kila siku unazishinda nyingi katika tabia zetu: huingia majini bila kumrushia mtu tone, huuzamisha mwili akabakisha macho, pua na masikio, hutoka kula majani watu wakiwa wamelala, na hurudi kabla ya alfajiri; tena akikoroma mara moja, ufuko wote hunyamaza na kumpisha, jambo ambalo tangazo la serikali halijapata kulitimiza. Mamba hatumpendekezi, na hasa yule wa Ruzizi aliyevuma kwa jina la Gustave, kwa kuwa hukumu zake hazina rufaa.

Twawasihi, lakini, msitutumie askari wenye vitabu vya faini. Faini ya kelele haitakawia kuwa ijara ya kelele: mwenye kibanda ataitoa asubuhi pamoja na kodi ya pango, na tangu saa hiyo atapiga muziki kwa haki, akiwa na risiti, au akiwa na urafiki mahali pa risiti. Wala msidhani kwamba twataka ufuko ulio bubu. Wimbo wa wavuvi wakivuta wavu ni wetu, vicheko vya watoto ni vyetu, ubatizo ni wetu, na rumba ni yetu vilevile, tena mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa wanadamu. Ila urithi wa wanadamu haukukusudiwa kurithishwa wote kwa jioni moja, kwa watu wale wale, kutoka vibanda vitatu. Tutakalo ni mambo manne yasiyo na gharama: bafle igeuzwe uso, imwimbie aliyelipia, arukaye atazame kwanza aliye chini, kuosha pikipiki na kufua kutengewe mahali mbali na pa kuchotea, na mwenye kuhubiri akubaliane na mwenye kuuza bia juu ya zamu, maana wote wawili wanazitafuta roho zile zile na ziwa ni kubwa.

Ikiwa mwaona malalamiko haya yametiwa chumvi, tunalo ombi la mwisho. Mkataba wenu umeweka Mkutano wa Mawaziri wa nchi nne, nao, kwa tulivyosikia, hupenda kukutana katika kumbi zenye mazulia na vinasa sauti mbele ya kila kiti. Kikao kijacho kifanyike Uvira, ufukoni, Jumapili saa kumi alasiri. Viti tutakodi sisi, na pasiwe na kipaza sauti hata kimoja kilicho cha wajumbe. Waziri wa Zambia asome hotuba yake, na wa Tanzania, Burundi na Kongo waijibu. Wakisikilizana, barua hii tutaiondoa siku hiyo hiyo, na viti tutalipia. Wasiposikilizana, na wazikunje hotuba zao, wachukue kalamu, wapitishiane karatasi mkono kwa mkono hadi jua lichwe. Na kwa kuwa watakuwa hawana jambo jingine la kuandikiana, ibara iliyokosekana mwaka 2003 itakuwa imekwisha kuandikwa, kwa hati za mawaziri wanne, na kwa hasira inayostahili.

Wenu kwa taadhima na kwa sauti ya chini,

Waogaji wa Uvira