Nairobi Tumeiona, Mawe Tumeyabeba

Mwanafunzi wa Nyamira akiambiwa anapelekwa Nairobi, hujiandaa ukoo mzima. Barua ya shule ilitaja sweta, sare safi na pesa kidogo za matumizi. Lakini mimi mwalimu niliyesimama mlangoni mwa basi alfajiri ile nilikabidhiwa mikungu ya ndizi ya shangazi wa Embakasi, mfuko wa mboga za chinsaga uliofungwa kwa majani ya mgomba, jogoo aliye hai, na ujumbe wa mzee mmoja kwa mwanawe wa Kawangware ambaye siku hizi hashiki simu. Jogoo nilimrudisha. Ndizi zikanishinda, zikapanda.

Sisi ni wa upande wa Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinauvutania hadi leo, kwa hiyo kugombana juu ya nani akae wapi tumezoea. Viti vya dirishani vilisababisha kesi mpaka Sotik. Siku ya safari nayo ilikuwa imezua kikao kirefu. Jumamosi haikuwezekana, maana kwetu Wasabato ni wengi na mwalimu mkuu mwenyewe ni mzee wa kanisa. Kwenda na kurudi siku moja pia haikuwezekana. Basi la shule haliruhusiwi kutembea usiku, na njia ya Bomet, Narok na Mai Mahiu ina zaidi ya kilomita 250. Ungefika, ukaipungia Nairobi mkono, ukageuza gari. Tukaondoka Jumatatu, tukalala sakafuni katika shule moja ya huko, na Jumanne yote ikawa yetu.

Kusema tulilala ni heshima tu. Watoto walikesha wakihesabu ndege.

Asubuhi tulianza na KICC. Nilikuwa nimejiandaa vilivyo: jumba lilifunguliwa mwaka 1973, lina ghorofa 28, na walilibuni Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso wetu. Nilitoa somo langu pale chini, karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta akiwa ameketi. Hakuna aliyeuliza habari za Nøstvik. Swali lilikuwa moja tu: "Mwalimu, lifti ikikwama, chakula kinapitishwa wapi?" Msichana mmoja akapendekeza tuombe kwanza. Tukaomba, na kwa kuwa maombi ya kwetu hayana haraka, watu waliotaka kwenda ofisini walisimama nyuma yetu wameinamisha vichwa, mmoja akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi. Kule juu, Nairobi yote ikiwa miguuni pao, watoto walitumia muda wao kutafuta Keroka. Wawili waliapa kwamba wameiona.

Chakula cha mchana tulikilia Langata, kwenye mbuga ya Nairobi, ile iliyoanzishwa mwaka 1946. Japani, ambako safari za shule ni desturi ya tangu karne ya 19, wanafunzi hupelekwa mji wa Nara, na kulungu wa pale huinamisha kichwa kabla ya kupewa biskuti. Tumbili wa Langata hawakulelewa hivyo. Alishuka mmoja, akatupima kwa macho, akapita chapati na mayai kana kwamba havipo, akaenda moja kwa moja kwenye ndizi za shangazi wa Embakasi. Kisha akaita jamaa zake. Dereva wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alijifungia ndani ya basi na kutuelekeza kwa honi.

Kwenye Makumbusho ya Taifa mambo yalitulia kidogo. Walimzunguka Mvulana wa Turkana, yule ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, baada ya kukaa ardhini miaka kama milioni 1.5. "Alikuwa Gredi ya ngapi?" akauliza mmoja. Nikawaambia wataalamu wamemkadiria urefu wa karibu mita 1.6. Macho yote yakamgeukia mwalimu wetu wa hesabu, ambaye alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga nje.

Halafu tukaenda Soko la Wamasai, ambalo Jumanne lilikuwa likifanyika karibu na Globe. Hapo ndipo pesa za matumizi zilipokwisha. Mchuuzi mmoja alishika kiboko cha jiwe la waridi, akatueleza kwamba ni jiwe adimu linaloletwa kutoka mbali sana, jangwani, na kwa wanafunzi atapunguza: 1,500. Tulivutana hadi 600, nikajiona mfanyabiashara. Kumbe nyuma yangu mvulana mmoja ambaye mamake ni mzaliwa wa Tabaka, kwa wachongaji wa mawe wa Kisii, alikuwa amekichukua kile kiboko, akakigeuza, akakikwaruza tumbo kwa kucha. "Mwalimu, hiki ni cha mjomba. Mke wake ndiye huvisugua kwa msasa kwenye beseni. Nyumbani ni 200."

Mchuuzi hakupata nafasi ya kujitetea, kwa sababu simu yake iliita, naye akaipokea kwa Ekegusii safi isiyo na doa, akilalamika kwamba mzigo wa Tabaka umechelewa tena. Alipokata, tulikuwa tumemzunguka watu arobaini. Tukasalimiana kwa kirefu, kama inavyopasa, tukaulizana wazee na mvua. Bei haikushuka hata shilingi.

Na bado watoto walinunua! Viboko, sahani, tembo, bakuli. Yule mpwa wa mchongaji naye akanunua twiga. Wakati wa kurudi, basi lilishuka mteremko wa Mai Mahiu likikohoa, limebeba mawe yaliyosafiri kutoka Kisii hadi Nairobi ili yarudi Kisii.

Wakuu wa shule wa kaunti zote mbili, naomba muhula ujao tuanze na Tabaka. Iko hapo Mugirango Kusini, pua na mdomo kutoka mji wa Kisii, wachongaji wako kazini mchana kutwa, na hakuna lifti.