Kesi Imetajwa, Mtu Yuko Rumande

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, kwa hiyo siku hizi mshtakiwa anaelewa vizuri kabisa kwa nini harudi nyumbani. Anasomewa shtaka la utakatishaji fedha, kisha anaambiwa asijibu lolote: mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Dhamana? Ni haki, ila si kwa kosa hilo. Basi kesi “inatajwa”, na kweli inatajwa tu, kama jina la marehemu kwenye hitima. Wakili wa Serikali: “Upelelezi haujakamilika.” Hakimu anaahirisha, karandinga linawashwa. Kisheria, abiria wake bado hana hatia. Aliyetiwa hatiani angalau huambiwa atatoka lini.