Shangazi wa Gereji: Nyeupe Ipi, Mwanangu?

Barua za wiki hii zimejaa saitimira. Ama mageti ya mjini yamekuwa membamba, ama bodaboda zimenenepa. Waliouliza habari za gia wavute subira. Waliouliza habari za wake za watu wameandikia safu isiyo yao.

*Shikamoo Shangazi. Nina Toyota nyeupe niliyoagiza Japani. Juzi nikiingia kwa baba mkwe nilipapasa nguzo ya geti, kava la saitimira ya kushoto likachubuka hadi plastiki nyeusi ikatokeza. Jumapili kikao cha kamati ya sendoff ya shemeji kinafanyikia kwangu, na mzee atakuwepo. Fundi rangi ananitajia bei ya mlango mzima. Nimeshanunua kopo la rangi nyeupe dukani. Nielekeze nilivue na kulipaka Jumamosi jioni, mzee asijue.*
*Mkwe Mwema, Kinyerezi*

Marahaba, Mkwe Mwema. Kopo hilo lirudishe kwanza. Nyeupe ipi? Tafuta kile kibati chenye namba za gari. Kwenye Toyota za Japani hukaa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Mbele ya herufi C/TR utaona alama mbili: ya kwanza ni rangi ya bodi, ya pili ni ya ndani ya gari. Ukikuta 040, Mungu anakupenda. Hiyo ni nyeupe tupu: rangi, kisha klia juu yake, mchezo umekwisha. Ukikuta 070, pole. Hiyo ni nyeupe ya lulu, tena ya matabaka matatu: nyeupe chini, tabaka jepesi la chembe zinazometa katikati, klia juu. Ukiibandikia nyeupe ya dukani, kivulini utasifiwa. Saa saba mchana kila mpita njia atajua kava hilo ni la kuazima.

Kulivua si kazi ya nguvu. Kwenye magari mengi klipu za kava hufikiwa kwa ndani, baada ya kutoa kioo. Sukuma kioo upande wa juu kiingie ndani hadi upande wa chini ujitokeze, pitisha vidole, vuta taratibu mpaka usikie "ka!" Kikiwa na nyaya mbili nyuma, hizo ni za kupasha kioo joto, zichomoe, usizikate. Sasa utaziona klipu. Zibonyeze moja baada ya nyingine huku mkono wa pili ukisukuma kava kuelekea mbele ya gari. Bisibisi ya chuma iache kwenye boksi lake, maana itakuachia alama mpya ukihangaika na ya zamani. Wewe wa Kinyerezi jua limeshakulainishia plastiki. Wasomaji wangu wa Njombe wafanye mchana, au walimwagie kava maji ya uvuguvugu kwanza, kwa sababu plastiki yenye baridi huvunjika. Na kama saitimira yako imeundwa kipande kimoja na kava halina pa kutokea, usishindane nayo. Funika kioo na mlango kwa karatasi na tepu, upake palepale.

Hapo ndipo vijana wengi hukimbilia kopo. Ngoja. Osha kava kwa sabuni ya vyombo, likauke. Chukua msasa wa maji namba 400, sugua kingo za mkwaruzo mpaka ufumbe macho, upitishe kidole, usihisi ngazi. Macho hudanganywa na mwanga, kidole hakidanganyiki. Futa kwa spiriti. Palipobaki plastiki tupu pulizia praima ya plastiki, kwani rangi haishiki plastiki tupu. Itakaa mwezi mmoja miwili, kisha itabanduka yote kwa mkupuo siku unayoosha gari mbele za watu. Juu yake weka praima ya kujazia, ikikauka isugue kwa namba 600, ufute tena. Mpaka hapo hujagusa rangi, na kazi kubwa imekwisha.

Rangi yenyewe ipulize kutoka umbali wa shibiri moja, mkono ukianza kusogea kabla mvuke haujafika kwenye kava na ukiendelea baada ya kupita. Tabaka la kwanza liwe pungufu, uone bado praima chini yake. Moyo utakusihi uongeze. Usiuitikie, maana ndio unaoleta michirizi. Subiri dakika kumi hivi, rudia, subiri tena, kisha klia kwa mtindo uleule. Jumamosi jioni isahau: ni saa ya mbu, na mbu akitua kwenye klia mbichi amehamia. Fanya asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka.

Ama kuhusu Jumapili, egesha gari ubavu wa kushoto ukutani. Ila jiandae kisaikolojia. Rangi iliyotoka kwenye kava lako imebaki kwenye nguzo ya geti la mzee, na mzee hutoka asubuhi kufagia uwanja.

*Hujambo Shangazi? Mume wangu alitazama video, akavua makava yote mawili. Wiki ya tatu hii yako juu ya meza ya chakula, yamepakwa, yanang'aa. Nikiuliza, anasema rangi haijakauka. Alipulizia jikoni pembeni ya jiko la gesi, mpaka leo wali unanuka tina. Je, kuna mwanamke mwingine?*
*Mama Wawili, Tabata*

Sijambo, mwanangu. Mwanamke hakuna. Kuna klipu. Rangi ya kopo hushikika ndani ya saa moja, na hata mtu mwoga kuliko wote angesharudisha makava baada ya siku chache. Mwanamume aliyevunja klipu hasemi kwamba amevunja klipu. Usimhoji. Muulize tu kwa upole kama anapita kwenye maduka ya spea ya Gerezani wiki hii, kisha uangalie anavyochangamka.

La jiko ndilo la kumkalisha kitako. Gesi inayosukuma rangi ndani ya kopo inawaka, na mvuke wa tina unawaka. Cheche moja na mngehamia kwa majirani. Aende uani, penye hewa. Na kama klia aliyotumia ni ile ya kuchanganya na hadina, ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo. Kama hana barakoa ya chujio la kemikali, hatua hiyo ampe fundi.

*Shangazi shikamoo. Rangi ya kucha inafaa kwenye saitimira?*
*Dada wa Vitz, Tanga*

Marahaba. Kwa mkwaruzo wa ukubwa wa kucha, inafaa. Tena hujakosea ukoo: miaka ya 1920 viwanda vya magari Marekani vilianza kupaka rangi ya nitroselulosi inayokauka haraka, na muda si mrefu kemia hiyohiyo ikaingia kwenye chupa za kucha. Kwa hiyo unamrudisha mtoto kwao. Lakini kava zima utamaliza chupa ngapi, bibie?

*Shikamoo Shangazi. Nimefuata kila kitu, nimesugua, nimeweka praima, lakini rangi imeota vishimo vya mviringo, kava lina tetekuwanga. Nimerudia, vimerudi.*
*Kijana wa Kirumba, Mwanza*

Marahaba. Kitambaa ulichofutia kava ndicho unachong'arishia dashibodi, sivyo? Nilijua. Dawa nyingi za kung'arisha zina silikoni, na rangi hukimbia palipo na silikoni, inajikunja na kuacha shimo. Kuongeza rangi juu hakuzibi kitu. Sugua hadi kwenye praima, osha, futa kwa spiriti na kitambaa kipya, na aliye karibu na dawa ya matairi afukuzwe uani mpaka umalize. Ukiona baadaye klia imepauka nyeupe, hiyo ni kesi nyingine, ni unyevu. Usipulize mvua ikiwa inatisha huko ziwani.

*Shangazi, shikamoo. Namshukuru Mungu kava limetoka vizuri ajabu, rangi ni ya namba yenyewe. Tatizo sasa gari lote linaonekana kuukuu. Mke wangu anasema nipake na mlango. Nikipaka mlango, bampa je?*
*Aliyefaulu, Dodoma*

Marahaba, na hongera. Mlango usiuguse. Nunua kompaundi, sugua mlango na fenda kwa mkono, utashangaa rangi ya zamani ilivyokuwa imejificha chini ya mpauko. Ukiona uvivu, basi usifanye kitu. Egesha nje kama kawaida, jua la Dodoma litalishughulikia hilo kava.